Macho Yanayokunywa Jua: Kisa cha Yambo Ouologuem

Soma sentensi mbili hizi kwa kufuatanisha. Ya kwanza ni ya André Schwarz-Bart, Myahudi wa Ufaransa, na ndiyo inayofungua riwaya yake Le Dernier des Justes ya mwaka 1959. Nikiitia katika Kiswahili inakuwa hivi: "Macho yetu hupokea nuru ya nyota zilizokwisha kufa." Ya pili inafungua Le Devoir de violence ya Yambo Ouologuem wa Mali, iliyotoka mwaka 1968: "Macho yetu hunywa mwanga wa jua, na yakishashindwa, hustaajabu kwamba yanalia."

Mwenye masikio atasema ya pili imezaliwa na ya kwanza, na ukiendelea kusoma shaka inakwisha. Schwarz-Bart anasema maisha ya rafiki yake Ernie yangeenea bila taabu katika robo ya pili ya karne ya 20, ila hadithi yake ya kweli inaanza zamani, mwaka 1185, katika mji wa York huko Uingereza. Ouologuem anasema masimulizi ya mkasa wa damu wa watu weusi yangeenea bila taabu katika nusu ya kwanza ya karne hii, ila historia yao ya kweli inaanza zamani, zamani sana, mwaka 1202, katika dola ya Nakem. Kiunzi ni kilekile. Hata hiyo "yangeenea bila taabu" imehamishwa kama ilivyo.

Mimi ni mhariri wa miswada, na mswada wa namna hii ukinifikia mezani naushikia kalamu nyekundu kabla sijafika ukurasa wa pili. Lakini kurasa hizi mbili nimezisoma mara nyingi kwa miaka. Nimezitia Kiswahili, nikafuta, nikazitia tena, na kila nikifanya hivyo naona kwamba huyu anayeitwa mwizi ameacha mahali pale kitu ambacho mwenye mali hakuwa nacho. Ndiyo sababu ya kukieleza kisa chake kwa kirefu.

Ouologuem alizaliwa mwaka 1940 Bandiagara, katika nchi ya Wadogon, wakati Mali ikiwa bado koloni la Ufaransa. Alikwenda Paris kusoma, akabaki huko akifundisha na kuandika. Alikuwa na umri wa miaka 28 pale Éditions du Seuil, moja ya nyumba kubwa za uchapishaji za Ufaransa, ilipotoa riwaya yake. Mwaka huohuo ikapata tuzo ya Renaudot, na hakuna Mwafrika aliyekuwa ameipata kabla yake. Mhakiki wa gazeti la Le Monde aliandika kwamba huenda hii ndiyo riwaya ya kwanza ya Kiafrika inayostahili kuitwa hivyo. Sifa ya namna hiyo ina sumu ndani yake, maana inawafuta kwa mkupuo mmoja waandishi wote waliotangulia. Wakati ule ilipokewa kama taji.

Riwaya yenyewe ni nzito kuisoma. Inasimulia karne nyingi za utawala wa ukoo wa Saïf: hila, sumu, biashara ya watumwa, mauaji yanayofanywa huku sala zikiendelea. Nakem ni Kanem iliyopinduliwa silabi, ile dola ya kale ya karibu na Ziwa Chad. Na jina la Saïf sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa. Akina Seif na Sefu tunao kila mtaa, na tunajua kwamba maana yake ni upanga. Watawala hawa wanauza watu wao kabla Mzungu hajafika, na Mzungu akifika wanamtumia naye. Kwa kizazi kilicholelewa na Negritude, ile harakati ya waandishi weusi wa Kifaransa ya kujivunia weusi wao, kilichozoea kuimbiwa Afrika ya kale yenye amani na utu, kitabu hiki kilikuwa kofi la uso. Léopold Sédar Senghor, mshairi, mmoja wa waasisi wa Negritude na rais wa Senegal wakati ule, alikilaumu waziwazi.

Tuhuma zilianza kwa sauti ya chini. Mwaka 1971 Eric Sellin, mhakiki Mmarekani, alionyesha katika jarida la Research in African Literatures jinsi riwaya ilivyojengwa juu ya ramani ya Schwarz-Bart. Kishindo kilikuja Mei 1972, pale Times Literary Supplement la London lilipochapa kifungu cha Ouologuem sambamba na kifungu cha It's a Battlefield, riwaya ya Mwingereza Graham Greene ya mwaka 1934. Baada ya hapo kila msomaji akageuka mpelelezi, na majina mengine yakatajwa, Maupassant akiwamo. Mchapishaji wa Paris akakiondoa kitabu sokoni.

Watu wengi husimulia kisa hiki mpaka hapo tu: aliiba, alikamatwa, akanyamaza. Wengine wanakigeuza: hakuiba, alikuwa akifanya mwingilianomatini, yaani kuandika kwa kujibizana na vitabu vya wengine, Wazungu hawakumwelewa. Mimi naona pande zote mbili zinamtendea haraka, kwa sababu zinakusanya kila alichokichukua na kukitia katika kapu moja. Alichomfanyia Schwarz-Bart si alichomfanyia Greene. Tofauti hiyo inasikika, na ndani yake mna jibu la swali ambalo kila mwandishi hujiuliza usiku: mtindo wangu uko wapi hasa?

Nianze na Schwarz-Bart, maana hapo ndipo penye mengi.

Le Dernier des Justes inafuata ukoo wa Levy kizazi baada ya kizazi, tangu mauaji ya Wayahudi wa York mpaka kambi za maangamizi za Wanazi. Imejengwa juu ya imani ya kale ya Kiyahudi kwamba ulimwengu unasimama kwa sababu ya wenye haki 36, wanaobeba uchungu wa wanadamu wote. Wazazi wa mwandishi mwenyewe waliuawa katika maangamizi hayo. Kwa hiyo zile nyota zilizokufa hazikuwekwa kwa ajili ya kupamba. Ni watu. Wamekwisha kuondoka, na nuru yao ndiyo kwanza inatufikia.

Sasa tazama kitenzi. Macho ya Schwarz-Bart yanapokea. Kupokea ni tendo la mtu aliyetulia, aliyekunjua viganja akaletewa. Macho ya Ouologuem yanakunywa, na kunywa kuna kiu ndani yake, kuna pupa. Nyota iliyo mbali, baridi, iliyokwisha kufa, imeondolewa, na mahali pake limewekwa jua lililo hai na linalounguza. Halafu sentensi haikomi pale ilipokoma ya mwenzake. Schwarz-Bart ameshatua, amesema neno moja zito, akanyamaza. Ouologuem anaendelea, anaongeza mkia: macho yanashindwa, tena yanastaajabu kwamba yanalia. Huko kustaajabu kumenitesa kila nilipojaribu kutafsiri. Macho hayajui sababu ya machozi yake, kama ni huzuni au ni ukali wa mwanga tu. Na kitabu kizima kimo mle. Msomaji atatazama ukatili ukurasa baada ya ukurasa mpaka macho yalowe, na hatajua kama analia kwa huruma au kwa kuunguzwa.

Mara tu baada ya sentensi hiyo msimulizi anapaza sauti: "Maschallah! oua bismillah!" Nadhani msomaji wa Paris wa mwaka 1968 alionja hapo kiungo cha kigeni, basi. Msomaji aliyekulia kwenye tenzi anasikia jambo jingine kabisa: mtu ameketi, amekohoa, ameanza. Tenzi zetu hufunguliwa kwa jina la Mungu, na kuanzia hapo msikilizaji anajua kwamba anayesema yuko mbele ya watu, ana wajibu wa kumaliza alichokianza, na sauti yake si yake peke yake. Sentensi ya Schwarz-Bart ni ya mtu aliye peke yake usiku, akimkumbuka rafiki. Ouologuem ameitoa chumbani akaipeleka barazani. Na msimulizi wake ni wa kutisha, kwa sababu mashaallah zake zinamtoka hata pale damu inapomwagika, kama mtu aliyezoea kiasi kwamba ulimi unajisemea wenyewe.

Kuna neno jingine la ufunguzi huo la kusimama nalo kidogo, négraille, lile ambalo mwanzoni nimelitia kama "watu weusi". Ni neno nègre, yaani mtu mweusi, lililotiwa kiishio cha dharau. Ukitaka kukisikia kiishio hicho kwa lugha yetu, fikiria anavyosema mtu "mijitu" pale ambapo angeweza kusema "watu". Nalo halikuwa la Ouologuem. Aimé Césaire wa Martinique alikuwa amelitumia katika shairi lake Cahier d'un retour au pays natal, lililochapwa kwanza mwaka 1939. Kwa Césaire mijitu hiyo inainuka: imesimama ndani ya tumbo la meli, imesimama juu ya sitaha, imesimama na iko huru. Alilichukua tusi akalifanya bendera. Ouologuem akaichukua bendera akairudisha kuwa tusi, kwa makusudi, kwa kuwa katika hadithi yake wanyonge hawasimami; wanauzwa. Neno moja, na mgongano wa vizazi viwili vya waandishi weusi umo ndani yake. Hapa kukopa na kubishana ni tendo moja.

Na ndivyo alivyoifanyia ramani nzima ya Schwarz-Bart. Aliipindua. Ukoo wa Levy unateswa kizazi hadi kizazi, ukoo wa Saïf unatesa kizazi hadi kizazi. Kule mnyororo wa wahanga, huku mnyororo wa watesi. Kule mwana anarithi uchungu wa baba, huku anarithi hila zake. Msomaji anayezijua riwaya zote mbili anaona kwamba ya pili inaiuliza ya kwanza swali gumu: je, historia ya mateso inasimuliwaje iwapo waliotesa na walioteswa ni watu wa rangi moja, dini moja, wakati mwingine wa damu moja? Kuuliza swali hilo kwa kiunzi kilekile cha masimulizi ya Kiyahudi ni ujasiri wa mwandishi aliyekomaa. Sioni jinsi ambavyo mtu asiye na kipaji chake mwenyewe angeweza kulifanya.

Utamaduni wetu una mifano ya kutosha ya kazi mpya iliyosimama juu ya kiunzi cha kale. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo, wa mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Herekali wa Rumi, na habari zake zilitoka katika masimulizi ya maghazi ya Kiarabu. Tunamwita malenga, na ni haki, kwa sababu mizani, vina na pumzi ya utendi ule ni vya Kiswahili, na vilitungwa hapa. Waliousikiliza walijua pia kwamba kisa hakikuzaliwa Pate. Hilo la kujua ni kubwa. Nitalirudia.

Kwa Greene mambo ni mengine, na hapa simtetei Ouologuem.

Kifungu chenyewe ni kifupi. Katika riwaya ya Greene mwanamume anamwingiza mwanamke nyumbani kwake London, anamtembeza, na matembezi hayo ni njia ya kuelekea kitandani. Katika riwaya ya Ouologuem ni afisa wa kikoloni Mfaransa aitwaye Chevalier, na mwanamke ni Awa, aliyetumwa kumpeleleza. Nyumba imehamishwa kutoka London hadi Afrika. Watu wamebadilishwa majina na rangi. Lakini tazama safari ambayo kifungu hicho kimepita. Greene alikiandika kwa Kiingereza. Kikaingia katika Kifaransa cha Ouologuem. Kisha Ralph Manheim akaitafsiri riwaya nzima kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1971 kwa jina la Bound to Violence, na hivyo kifungu kikarudi kwao kikiwa kimevuliwa maneno na kuvalishwa mengine mara mbili. Manheim alikuwa akikitafsiri Kifaransa alichokikuta mbele yake. Na bado Greene alitambuliwa!

Jambo hili nililiwaza kwa muda mrefu kabla sijalielewa. Ikiwa maneno yalibadilika mara mbili, kilichotambuliwa ni nini? Nadhani ni mpangilio wa kutazama. Jicho linaanzia wapi likiingia chumbani, linahamia kwenye kitu gani, linakaa hapo kwa muda gani kabla ya kumgusa mtu. Greene huzunguka na vitu. Humwacha msomaji amjue mwenye nyumba kupitia fanicha na mapambo yake, na aibu ya mtu huanza kuonekana kwenye samani kabla ya kuonekana usoni. Utazamaji huo umetoka katika vyumba vya Uingereza vya miaka ile, kwa watu waliozoea kusomana tabaka kwa zulia na pazia. Unapoingia kwenye nyumba ya afisa wa Nakem, sauti ya msimulizi wa barazani inafifia, na pumzi ya sentensi inakuwa ya mtu mwingine. Ouologuem hakumpindua Greene. Hakubishana naye, hakumuuliza kitu. Alimtumia tu, kama mtu aliyechoka katikati ya kazi akaingiza ukuta uliokwisha kujengwa.

Kwa hiyo tuna mambo mawili yanayopishana. Katika ufunguzi, sentensi za Schwarz-Bart zinaonekana wazi chini ya sentensi za Ouologuem, na hata hivyo mtindo ni wa Ouologuem. Katika kifungu cha Greene, maneno ya Greene yameyeyuka, na hata hivyo mtindo ni wa Greene. Mtu anayetafuta mtindo katika maneno peke yake atakosea mara zote mbili.

Vyuo vikuu vyetu vingi sasa hupitisha tasnifu kwenye programu za kupima ulinganifu wa maandishi, na wanafunzi wamejifunza kuzikwepa kwa kubadilisha neno hapa na neno pale. Wakishuka chini ya asilimia inayotakiwa wanajihesabu wamesalimika. Nawaambia bila kuwaonea: mnachobadilisha ni nguo. Aliyeandika bado anaonekana anavyotembea.

Niliwahi kupokea mswada wa riwaya ya kijiji cha wavuvi, kaskazini ya pwani ya Tanzania. Ulikuwa mzuri. Ngalawa zilikuwa ngalawa za kweli, mabishano ya bei ya dagaa yalikuwa ya kweli. Katika sura ya sita nikafika kwenye jioni moja ambapo jua linatua, na mwanga unabaki, unabaki, msichana anatembea ufukweni, anarudi, anasoma barua ndefu nje, na bado mwanga upo. Nikasimama hapo. Kwetu jua likizama, giza halina subira. Haifiki nusu saa hujamwona aliye mbele yako. Jioni ile haikuwa ya pwani yetu. Ilikuwa jioni ya nchi za kaskazini, wakati wa kiangazi chao. Nilimwita mwandishi, kijana mwenye adabu, nikamuuliza tu: "Mwanangu, jua hili limetoka wapi?" Alinyamaza kitambo, akaniambia alilitafsiri kutoka riwaya moja ya Kiingereza kwa sababu alikuwa hajui namna ya kuivusha siku ile. Kiswahili chake katika kurasa zile kilikuwa safi kabisa; hakuna programu ambayo ingemshika. Tuliutoa ukurasa, akaandika mwingine kwa siku tatu, na huo mpya ndio watu wanaomkumbukia. Kila ninapoufikiria ule ukurasa wa Chevalier na Awa namkumbuka kijana huyu, na najiuliza mhariri wa Paris alikuwa wapi.

Swali hilo lina uzito wake, kwa sababu mchapishaji wa Schwarz-Bart na mchapishaji wa Ouologuem ni mmoja. Seuil ilitoa Le Dernier des Justes mwaka 1959, ikapata tuzo ya Goncourt, ikauzwa sana. Miaka tisa baadaye nyumba hiyohiyo ikapokea mswada unaoanza kwa mwangwi wa sentensi maarufu kuliko zote katika kitabu chake yenyewe.

Ouologuem alijitetea kwamba mswada wake ulikuwa na alama za kunukuu, na kwamba ziliondolewa uchapishajini. Mwandishi wa jarida la West Africa alisimulia mwaka huohuo wa 1972 kwamba Ouologuem alimpitisha katika mswada wa mkono na kumwonyesha mahali palipokuwa na nukuu. Mchapishaji hakuyakubali madai hayo. Mimi naona hata alama zenyewe zisingemaliza shauri. Sentensi ya ufunguzi haikuzihitaji. Ukiitia katika alama za kunukuu unaiua, maana si nukuu tena, imekwisha kugeuzwa. Ukurasa wa Greene ndio uliozihitaji, na hata huko zingekuwa bandeji tu, kwa kuwa nukuu ya ghafla ya riwaya ya London katikati ya Nakem ingemfanya msomaji aulize inafanya nini pale.

Kuna ushahidi mwingine ambao watetezi na washitaki wote huupita haraka. Muda mfupi baada ya riwaya, Ouologuem alitoa kijitabu cha kejeli, Lettre à la France nègre. Ndani yake mna barua kwa wale ambao Kifaransa kinawaita nègres, yaani waandishi wa kukodiwa wanaowaandikia watu mashuhuri vitabu bila majina yao kutajwa. Neno ni lilelile linalotumiwa kumtusi mtu mweusi. Katika barua hiyo anawafundisha jinsi ya kutengeneza riwaya za upelelezi kwa kuunganisha vipande vya waandishi maarufu, kipande cha huyu na kipande cha yule, mpaka vitabu vizaane. Aliyachapa hayo akiwa kileleni, miaka kadhaa kabla ya kelele za London. Mtu anayeficha wizi haandiki mwongozo wa wizi na kuutia saini. Alikuwa na nadharia, yenye hasira ndani yake: mkinifanya nègre wa fasihi yenu, basi nitaifanya kazi ya nègre mbele ya macho yenu. Naielewa hasira hiyo na naiheshimu. Ila nadharia iliyomo katika kitabu kimoja haimfikii msomaji wa kitabu kingine. Hapa narudi kwa wasikilizaji wa tenzi: wao walijua kisa kimetoka wapi, na kwa kujua waliweza kupima utunzi wa malenga. Msomaji wa ukurasa wa Greene hakupewa nafasi hiyo. Alidhani anamsikia Ouologuem, na kila sifa aliyoitoa kwa ukurasa ule ilikwenda kwa mtu asiyestahili.

Aliyechukuliwa zaidi kuliko wote hakulalamika. Schwarz-Bart alimwandikia mchapishaji kwamba hasumbuliwi na jinsi kitabu chake kilivyotumiwa. Alisema amekuwa akiviona vitabu vyake kama miti ya tofaa, akifurahi matunda yake yakiliwa, na akifurahi zaidi pale mtu anapochukua moja na kulipanda katika udongo mwingine. Akaongeza kwamba si Ouologuem aliye na deni kwake, bali yeye kwa Ouologuem. Tukumbuke kwamba naye, kitabu chake kilipotoka mwaka 1959, alishambuliwa kwa tuhuma za kunakili. Alijua uchungu wa kushitakiwa hivyo, na alijua kusoma. Aliona udongo mwingine.

Kilichoniudhi siku zote katika kisa hiki ni namna hukumu ilivyogeuka. Kiswahili kina neno asili, na humo mna shina la mambo: tunasema asili ya mtu, tukimaanisha alikotoka, na tunasema kazi asilia, tukimaanisha isiyonakiliwa. Mwaka 1968 Paris ilimsifu Ouologuem kwa asili yake. Walitaka sauti itokayo ardhini, ya griot, yule msimulizi wa jadi wa Afrika Magharibi, ya Afrika yenyewe, na waliipata, au walidhani wameipata. Mwaka 1972 walipogundua kwamba sauti hiyo imesoma vitabu, imesoma Schwarz-Bart na Greene na Césaire na historia za Timbuktu, walimhukumu kwa kukosa uasilia. Lakini hukumu ilikuwa na kishindo cha watu waliovunjiwa ndoto ya kwanza. Mwandishi wa Ulaya akionyesha maktaba yake ndani ya kitabu, tunasema ana elimu. Huyu alionekana kama mtu aliyevaa nguo za kuazima. Kosa lake la kweli, lile la Greene na pengine mengine mawili matatu ya aina hiyo, lilimezwa na shitaka kubwa ambalo halikuwa la haki, na mpaka leo wanaomtetea hulazimika kuyatetea yote kwa pamoja.

Katika miaka ya 1970 alirudi Mali. Aliishi Sévaré, karibu na Mopti, akajitia katika dini, akawa mtu wa msikiti na Kurani. Mtafiti aliyemfuata huko miaka ya 1990 alikuta mtu asiyetaka kabisa kuzungumzia fasihi. Alifariki Sévaré tarehe 14 Oktoba 2017. Mwaka uliofuata Seuil ilikitoa kitabu upya, miaka 50 kamili baada ya toleo la kwanza. Mwaka 2021 tuzo ya Goncourt, ileile aliyoipata Schwarz-Bart mwaka 1959, ilikwenda kwa Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal, kwa riwaya kuhusu mwandishi Mwafrika anayesifiwa, anatuhumiwa kunakili, kisha anatoweka. Sarr ameitabarukia riwaya hiyo kwa Yambo Ouologuem.

Bado najaribu kuitafsiri ile sentensi ya kwanza. Nimeandika "hustaajabu kwamba yanalia", nikajaribu "hushangaa yakijikuta yanalia", nikairudia ya kwanza. "Hunywa" sijaligusa tangu siku nilipoliandika.